Kuku Waliokuja kwa Miguu

Qaunaq alimtoa kuku wa dukani kwenye mfuko, akamlaza juu ya kadibodi sakafuni, pale pale alipozoea kulaza sili, akachukua birika la maji ya theluji na kumdondoshea shingoni. Hakufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Sili ni mnyama wa bahari ya barafu, huishi kwenye chumvi maisha yake yote, kwa hiyo akifa ana kiu, na usipompa maji matamu wenzake hawaji tena kwako. Qaunaq alikuwa akifanya hivyo tangu usichana.

"Mama, huyo hana kichwa," mwanawe Ujarak akacheka. "Atanywea wapi?"

"Hayo atajua mwenyewe."

Kuku akanywa. Akamaliza birika zima, na Qaunaq alipoyeyusha theluji nyingine, akamaliza na hiyo. Maskini wa watu, alitolewa kusini akapandishwa ndege baada ya ndege, na njia nzima hakuna aliyemuuliza kama ana kiu. Qaunaq alimwonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga, kisha akamkatakata na kumtia sufuriani.

Mchuzi ulikuwa wa mkwewe, Uvilu, mke wa Ujarak, aliyejifungua juzijuzi na maziwa yakaanza kumkauka. Alichohitaji hasa ni supu ya sili, ile nyeusi inayopasha damu joto mpaka vidoleni. Sili walikuwepo tele kwenye ukingo wa barafu. Lakini tangu watu wa ng'ambo walipokataa kununua ngozi za sili, eti wanawahurumia, Ujarak hakuwa na cha kununulia petroli, na pikipiki yake ya theluji ilikuwa imefukiwa na theluji uani, kiti tu ndicho kilichoonekana. Mtoto alilia mchana kutwa.

Jua lilipoanza kurefusha siku, kuku wakaja.

Walitoka kusini, wakitembea juu ya bahari iliyoganda, weupe juu ya weupe, hivi kwamba watu waliona kwanza vishungi vyao vyekundu vikikaribia. Msururu haukuwa na mwisho. Hawakupiga kelele wala hawakudonoa. Kijiji kizima kiliteremka ufukweni, watu wakasimama kimya kama wanavyosimama nyangumi wakipita, na wazee wakavua kofia zao. Ukuu wa jambo lile ulimjaa Qaunaq kifuani.

"Umewapa maji wewe?" jirani yake, Aglak, akamnong'oneza.

"Nilimpa mmoja tu."

"Kwa asiye na kichwa, ana maneno huyo!"

Kuku wa kwanza alifika miguuni pa Qaunaq, akakunja miguu, akanyoosha shingo. Qaunaq aliijua shingo ile. Ndivyo anavyofanya mnyama aliyeamua kujitoa. Akamchinja, akampa maji, na waliomfuata hivyo hivyo, kila nyumba ikapelekewa fungu lake kama ilivyo desturi. Uvilu alikunywa mchuzi mpaka jasho likamtoka, na jioni hiyo maziwa yalimlowesha kifua. Mtoto akanyonya, akacheua, akalala.

Kesho yake meneja wa duka alifika pamoja na bwana afya. Walikuwa waungwana, wakavua viatu mlangoni. Meneja alisema kuku wote ni mali ya kampuni. Bwana afya alisema nyama isiyo na mhuri hailiwi.

"Lakini wamekuja wenyewe," Ujarak akasema.

"Hilo ndilo tatizo. Hawajapimwa."

"Hawa wamevuka barafu yote ile wakiwa hai," Aglak akadakia. "Wenu wanafika wamekufa. Sasa mgonjwa nani hapo?"

Meneja alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na maana, akaagiza ndege.

Kuku waliingia kwenye makasha bila kusukumwa. Qaunaq alijua kwamba huko waendako wangekufa bila mtu kuwakumbuka, kwa hiyo akabeba birika, akapita kasha kwa kasha akiwanywesha. Aglak akaleta lake, kisha wanawake wote wakaleta. Rubani alisubiri mpaka kuku wa mwisho alipoinua kichwa. Wakapelekwa kusini, wakachinjwa, wakapigwa mhuri, wakagandishwa, wakarudishwa na ndege ile ile. Bei ilikuwa imepanda kidogo, kwa sababu ya nauli ya kwenda na kurudi.

Kufikia hapo maziwa ya Uvilu yalikuwa yanapungua tena. Ujarak alitoa akiba aliyokuwa ameanza kuweka kwa ajili ya petroli, akampa mama yake, na Qaunaq akaenda dukani.

Alimlaza kuku juu ya kadibodi, akainamisha birika. Maji yakateleza shingoni, yakamwagika sakafuni. Akajaribu tena. Kuku hakunywa hata tone. Hakuwa na kiu.

"Huyu ni wa kwetu," Qaunaq akamwambia mkwewe, akachukua kisu.