Masufuria ya Mwenyekiti

"Muhula ule wa kwanza sikuchaguliwa, nilishikilia tu!" Mama Généreuse aliisogelea simu mpaka uso wake ukajaa kwenye skrini. "Révérien alihamia Melbourne akaacha kiti cha mwenyekiti kitupu. Mlitaka nani akikalie, paka?"

Jumuiya nzima ya wahamiaji wa Macquarie Fields, kila mtu kafungiwa kwake na korona, ilicheka kwenye Zoom. Papa Balagizi hakucheka.

"Mama, kazi umefanya. Lakini sheria ni yetu wenyewe: mihula miwili ya mwaka mmoja mmoja. Ukimalizia muhula wa mwingine kwa zaidi ya nusu, unahesabiwa muhula mzima. Ulimalizia wa Révérien, ukachaguliwa wako. Jumapili huwezi kugombea."

"Mkutano wa kunithibitisha ulichelewa kwa sababu ya korona. Hesabu kuanzia pale, papa. Haifiki nusu."

Généreuse alijua amembana. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Nibigira, mama mpole asiyepandisha sauti hata kwa watoto wake. Angeiwezaje jumuiya yenye midomo kama hii?

Nibigira akawasha maikrofoni. "Dada, masufuria yalikuja kwako lini?"

Masufuria makubwa ya misiba na harusi hukaa kwa mwenyekiti. Yakihama, uongozi umehama. Généreuse aliyapokea jioni ileile Révérien alipoondoka, na wiki hiyohiyo akapika maharage ya msiba wa mama yake Balagizi, amesimama jikoni mpaka miguu ikavimba. Hakuna aliyemuuliza kama amethibitishwa. Aliamuru watu, wakatii.

Sasa aseme alipika kama mgeni? Kwa ajili ya mwaka mmoja zaidi?

"Ulikula maharage yangu, Balagizi?"

"Nilikula, mama. Sahani mbili."

"Basi ulipikiwa na mwenyekiti. Ni zaidi ya nusu. Jina langu litoeni."

Akazima simu kabla hawajaanza kumbembeleza. "Lazare! Vaa barakoa, fungua gereji."

"Sasa hivi?" mumewe akauliza.

"Unangoja nibadili mawazo?"

Nibigira alikaa mtaa wa pili. Waliyapanga masufuria barazani kwake, Généreuse akarudi garini na kupiga honi. Mlango ukafunguliwa.

"Hilo kubwa linaunguza chini," alimwambia kupitia dirisha. "Ukipikia maharage, usiondoke hapo. Na wakikupigia kelele, wape vitunguu wamenye."