Kobe Aliyerudi Pembeni

Haya niliambiwa na wifi yangu Tsiala mwaka juzi, msimu wa zabibu, tulipokuwa tukitunga kokwa za jozi kwenye nyuzi ili tuzichovye katika maji mazito ya zabibu.

Ujanani mwake, miaka tisa mfululizo, alikuwa wa pili katika sataranji ya wanawake wa mji wetu wa Kutaisi. Wa kwanza ni Mzekala, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa kucheka mpaka madirisha yatikisike. Mwaka wa kumi wakakutana siku ya mwisho. Sare ingempa Mzekala kikombe tena. Tsiala ilikuwa lazima ashinde.

Walicheza saa tano nzima, hakuna aliyemtikisa mwenzake. Mchezo ukaahirishwa hadi asubuhi. Ilikuwa zamu ya Tsiala, basi akaandika kwa siri hatua yake ya asubuhi kwenye karatasi, mwamuzi akaifungia ndani ya bahasha. Usiku huo hakuna aliyelala. Mzekala alipima kila njia ya malkia wa Tsiala. Tsiala naye alikesha na mumewe, Vazha, kete zimejaa meza ya jikoni.

Asubuhi Mzekala akamwambia, "Mwenzangu, macho mekundu hivyo! Tukubaliane sare, twende tukale."

"Kula wewe. Mimi nangoja bahasha."

Mwamuzi akaifungua, akasoma: "Kobe, pembeni kabisa."

Kobe kwetu ni ile kete iendayo mshazari. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Dada, unamrudisha akalale?" mtu akapaza sauti.

Mzekala hakucheka. Kobe alikuwa amempisha malkia, asimame mbele yake, wote wawili wamlenge mfalme wa Mzekala kwa mstari mmoja. Akafikiri dakika arobaini. Akajaribu kumkimbiza mfalme, askari wake mwenyewe wakamzibia njia. Hatua sita baadaye akamlaza mfalme wake ubaoni, kukubali kwamba ameshindwa.

"Ibilisi wewe! Nimekesha nikimchunga malkia, kumbe naliwa na kobe!" Akamkumbatia Tsiala, akacheka mpaka machozi.

"Miaka tisa, shoga. Miaka tisa!" Tsiala akasema.

"Nyamaza, leo nakulisha mimi."

Adhuhuri wakaketi mbele ya mkate wa jibini. Vazha alisinzia kabla haujakatwa. Mzekala akasimama na glasi ya divai, akamwombea Tsiala heri, akaiombea familia yake, kisha kobe, akaketi, akakoroma. Tsiala akabaki peke yake, kikombe amekipakata mapajani, akila kipande cha tatu. Cha nne alikishika tu mkononi, akalala.