Bolero la Watu Wote

Siku ambayo albamu mpya ya Gustave Kalenga ilipaswa kumrudisha duniani, mkewe alikuwa anapanga sanduku.

Ikumbukwe kwamba Gustave hakuwa mtu wa kubezwa. Enzi za ujana wake Lubumbashi nzima ilimlilia. Wanawake walizimia jukwaani, na mwanamume mmoja pia, ingawa huyo yasemekana hakuwa amekula. Kisha miaka ikapita, Johannesburg ikammeza, na mwimbaji mkubwa akawa mlinzi wa duka la fanicha. Sasa, akiwa na mvi mpaka kwenye nyusi, alikuwa ametoa albamu, yote ya mahadhi ya Kilatini: salsa, cha-cha, bolero, na tarumbeta za kutosha kuamsha makaburi. Havana hajawahi kuiona. Karibu kabisa alikofika ni mkahawa wa Wareno pale Rosettenville, alikokula kuku wa pilipili na kutoka akiwa ameamua mwelekeo wa maisha yake.

Roho ya albamu ilikuwa bolero liitwalo "Nani Atanifunga Tai". Alilitunga kwa ajili ya Agnès, mkewe, maana tangu harusi yao hajawahi kujifunga tai mwenyewe. Tena Agnès alikuwa ameapa kwamba uvumilivu ukimwishia atakwenda zake Lubumbashi kwa binti yao Murielle, na huko hatoki. Bolero hilo lilikuwa ombi la mwisho. Asubuhi ile Gustave aliweka simu juu ya jokofu, akaliwasha, akarudi nyuma hatua chache ili machozi ya mkewe yapate nafasi.

Machozi hayakuja. Agnès alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Papa Murielle, ni zuri. Lakini Placide ni nani?"

"Placide? Si yule wa bucha!"

"Mbona unaposema moyo wako unavuja, anayeitwa ni Placide wa bucha?"

Sasa, Mkongo yeyote angemwelewa Gustave. Mwimbaji hutupa mabanga: katikati ya wimbo hutaja majina ya waungwana, na aliyetajwa hutoa shukrani, pesa au msaada. Ndivyo albamu hii ilivyosimama. Placide alilisha bendi nyama msimu wote wa mazoezi. Bakiri, Mtanzania mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot, alibeba ngoma kwa gari lake, na ingawa kwao Tanga hawana desturi hiyo, alipojisikia akiitwa ndani ya bolero aliipenda papo hapo.

"Umemtaja Bakiri," Agnès aliendelea. "Umemtaja fundi aliyeua gari letu. Umejitaja wewe mwenyewe, Gustave, Gustave, Gustave, kama mtu aliyejipoteza sokoni. Na mimi?"

"Chérie, wimbo mzima ni wako!"

"Ahaa. Nyumba ni yangu, ila mlangoni yameandikwa majina ya wanaume."

"Lakini wanaotajwa ni wale waliotoa kitu!"

Yapo maneno ambayo mtu akishayatamka hutamani kuyakimbilia, kuyakamata shati na kuyarudisha. Mwanamke aliyekuwa akisuka vichwa vya watu tangu alfajiri ili msanii apate utulivu wa kutunga alimtazama msanii huyo, kisha akafunga zipu ya sanduku.

"Bon," alisema. Akaondoka kwenda kupanda basi la Lubumbashi.

Gustave alikimbilia Doornfontein, kwenye studio ya Steve, kijana wa Kolwezi aliyemrekodia albamu katika chumba cha gorofani chenye magodoro ukutani. Lifti ilikuwa imekufa. Alifika juu akihema kama kinanda kilichotoboka.

"Steve. Ingiza jina la Mama Murielle kwenye bolero."

"Vieux, mzee wangu, nafasi haiko. Hata pumzi yako nilikata, fundi wa gari apate kuingia."

"Toa mtu."

"Nani? Placide? Huyo ana visu, Vieux."

Walitafakari kuitoa tarumbeta, lakini bila tarumbeta Ulatini wote wa bolero ungebaki kwenye kofia ya Gustave. Mzee aliketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya sanaa alifikiria jambo la kutisha.

"Nitoe mimi," alisema. "Jina langu. Kila mahali."

"Eish! Gustave bila Gustave?"

"Toa, nimesema!"

Basi Steve akamfuta, na katika mashimo yaliyobaki Gustave akaimba: Agnès. Sauti ilitoka kama bawaba ya kabati. Steve, ambaye hucheka kila kitu, hakucheka, na hilo lilimtia Gustave hofu zaidi.

Alipofika kituoni na spika ya Steve kifuani, basi lilikuwa linanguruma, madirisha yote yakiwa na ukungu wa pumzi za abiria. Agnès alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Gustave aliinua spika juu. Aliwasha.

Bolero lilipanda juu ya magodoro na televisheni za wafanyabiashara zilizosubiri kupakiwa. Agnès, iliita ile bawaba. Agnès. Uso wa mama ukaanza kulegea.

"Umejiondoa?" aliuliza taratibu.

"Nimejiondoa, Mama. Pote."

Ule mguu ukashuka kwenye ngazi. Gustave aliuona ukigusa lami, akasahau baridi na goti lake bovu.

Hapo mfanyabiashara mmoja mnene, mlangoni mwa basi, akapiga makofi. "Papa! Hiyo kali! Na mie unitaje!"

Gustave alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini mkono ulikwishapanda kifuani wenyewe, kichwa kikainama, na mdomo ukafunguka kwa adabu ya miaka mingi ya kazi.

"Jina nani, boss?"

"Kabwe! Kabwe wa Kasumbalesa!"

Agnès alimtazama mumewe kama mtu anavyotazama mvua ikinyeshea nguo alizoanika. Hakukasirika hata kidogo. Akapanda. Mlango ukafungwa.

Gustave alilikimbiza basi, spika ikimwita Agnès kwa niaba yake, na robot, ile taa ya kuongozea magari, ikamhurumia, ikawa nyekundu. Akalifikia. Akagonga dirisha kwa viganja vyote viwili, akilia waziwazi, "Mama Murielle, shuka! Nakuomba, shuka!"

Mkono ukafuta ukungu kwa ndani. Alikuwa Kabwe. Alitabasamu, akapulizia kioo pumzi, akaanza kuandika jina lake kwa kidole, herufi moja moja, ili lisije likakosewa. Agnès alikuwa ameketi upande wa pili.

Robot ikawa kijani.