Mkalimani wa Kaka Yake

Kijiji cha kwanza kilikuwa cha jibini, cha pili cha mkate na asali. Cha tatu ndicho kilichomkosesha raha mwongoza wageni kila safari, maana huko ndiko alikozaliwa, na huko ndiko kaka yake mkubwa alikobaki na shamba la mizabibu la marehemu baba yao.

Wanakijiji walimwita kaka huyo Pua. Si kwa ukubwa wake. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Ni kwamba akinusa pipa angekuambia mwaka ule mvua zilichelewa au ziliwahi. Lakini chini ya pua kuna koo, na koo ndilo lililomponza. Alikunywa alichokamua, mwaka baada ya mwaka, mpaka alasiri moja akaliingiza lori ukutani na bintiye akiwa amekaa pembeni yake. Mtoto alipona, ila mkono haukunyooka tena. Tangu hapo Pua akawa wa kuonja na kutema. Dada yake alipopata kazi ya kutembeza watu milimani, ni yeye Pua aliyemwambia, "Nipitishie wageni, mdogo wangu. Kumimina si kunywa."

Siku hiyo walikuwa wageni sita, na mchangamfu kuliko wote alikuwa daktari wa meno mstaafu, aliyekuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa na roho nzuri, na hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote. Mtu mbaya ungemkatalia.

Ghalani, kati ya mapipa, daktari alionja, akafumba macho, akanyanyua glasi.

"Mwambie sijapata kunywa kitu kama hiki maishani," akamwambia mwongoza wageni kwa lugha yao. "Na mwambie mkono huu haushuki mpaka anywe nami."

"Anasema divai yako ni nzuri mno," mwongoza wageni akamtafsiria kaka yake. "Anakushukuru."

"Mwambie karibu tena," Pua akajibu, akitabasamu.

Lakini mkono wa daktari ulibaki juu. Wenzake wakaanza kumshangilia. Bibi harusi mmoja, aliyekuja na mumewe kwenye fungate, akajaza glasi nyingine na kuitia mkononi mwa Pua.

"Huyu ana mashine za kuendesha leo," mwongoza wageni akawaambia, akijitahidi kucheka. "Mumwachie."

"Glasi moja haijaua mtu!" akasema daktari. "Nimeng'oa meno maisha yangu yote, watu wakinichukia. Leo nataka rafiki mmoja tu."

Wakacheka. Hayo hakuyatafsiri. Badala yake akasema, kwa sauti ya upole, kama anayeeleza habari za zabibu, "Kaka, iweke chini. Nitawaambia unaumwa tumbo."

"Usiniumbue mbele ya watu."

"Hawaelewi tunachosema."

"Uso wako wanauelewa."

"Wifi yuko hapo uani, kaka."

"Najua mke wangu aliko," akasema Pua. Akagonganisha glasi na daktari, akanywa. Dada yake alingoja ateme. Akaliona koo likipanda na kushuka. Wageni wakapiga makofi, na yeye akashtuka kuona viganja vyake navyo vinapiga, kwa mazoea ya kazi.

Pua alijimiminia ya pili mwenyewe.

Mwongoza wageni akatoka uani, ambako wifi yake alikuwa akikata mkate na kupanga sahani za zeituni. Kicheko cha mumewe kikamfikia kutoka ghalani, kile cha zamani, kipana. Kisu kikasimama.

"Amemeza?"

Mwongoza wageni akaitikia kwa kichwa.

"Baki, wifi. Leo baki na mimi."

"Nikibaki nani atawashusha hawa? Gari naendesha mimi."

Wifi alimtazama, kisha akageuza uso. "Basi nenda. Nenda kabla hajawaimbia."

Akawakusanya haraka. Daktari alimkumbatia Pua kama pacha aliyepotea, na Pua naye akamkumbatia huku chupa ikining'inia mkononi. Garini daktari alikuwa na machozi ya furaha. "Kaka yako ni mtu wa watu," akasema. Mwongoza wageni alifungua kinywa amwambie. Angemwambia nini? Kwamba amemtilia sumu rafiki yake siku ya kuzaliwa kwake? Sumu yenyewe ilikuwa tayari tumboni. Akashika usukani, akawaonyesha bonde.

Kijiji cha nne kilikuwa cha chakula cha mchana. Alitafsiri supu, akatafsiri nyama, akatafsiri mzaha wa mpishi, na kila alipopata nafasi akapiga simu nyumbani. Mtandao haukushika.

Jioni wakirudi, alisimamisha gari barabarani, upande wa juu wa nyumba ya kaka yake, akadai breki zimepata moto. Akateremka mbio. Wifi alikuwa ameketi mlangoni na binti yake, ufunguo wa lori ukiwa umefumbatwa kiganjani.

"Amejifungia ghalani," akasema. "Komeo liko kwa ndani."

Mwongoza wageni akagonga. "Kaka, ni mimi."

"Wageni wako wamekula?" Sauti ilikuwa nzito, lakini ya adabu.

"Wamekula. Fungua."

"Usiwacheleweshe, mdogo wangu. Kona zile mbaya gizani."

"Nifungulie, nakuomba."

"Kesho."

Huko juu barabarani honi ikalia, ndefu, ya furaha: daktari alikuwa anamuaga rafiki yake. Ndani ya ghala Pua akacheka, kisha kukasikika glasi ikiwekwa juu ya pipa. Dada yake aliegemeza paji la uso kwenye mbao, akabaki hivyo mpaka honi ilipolia tena. Akapanda kurudi garini.

Kesho yake Pua alifungua, kweli, na akatoka kutafuta chupa nyingine. Kabla zabibu hazijaiva wifi alikuwa amehamia kwao na mtoto. Mwongoza wageni bado huenda kila siku ya mapumziko. Hufagia, hupika, humketisha kaka yake mezani, naye hula vijiko viwili vitatu na kumshukuru vizuri sana. Hajawahi kumkosea adabu hata siku moja. Akimaliza kushukuru, huinuka, huchukua ufunguo wa ghala, na dada mtu humsogezea kiti kando apite.