Lakiri ya Mkebe wa Bosi

Sitaki mtu aanze kunihurumia kabla hajanisikiliza. Nililipiza kisasi, nikalipiza vizuri, na siku yenyewe kilikuwa kitamu kuliko chakula chochote nilichowahi kula. Hayo mengine yalikuja baadaye.

Kazi yangu ni kufunga mizigo ghalani. Kwenye meza yangu vinaletwa vitu vya kuvunjika tu: glasi, taa, vioo vya kujitazamia, seti za sahani. Navizungushia magazeti, najaza maranda kila penye nafasi, nafunika, halafu nabandika lakiri, yaani ukanda mwembamba wa karatasi yenye gundi unaopita juu ya ufa wa kifuniko. Ukanda ukikatika, ujue kuna mtu amefungua. Ghala letu lina kanuni moja ambayo wafanyakazi wapya huicheka: mzigo ukirudishwa, kwa sababu yoyote ile, aliyeufunga ndiye anayeupeleka tena, mwenyewe, kwa miguu yake. Katika miaka kumi na moja nimerudishiwa mizigo miwili.

Nyumbani nina binti mmoja wa miaka minane. Tunamwita Bosi, maana hata akiomba maji anaagiza. Likizo huja kukaa nami ghalani, anasoma mihuri kwenye maboksi kwa sauti kama anayesoma taarifa ya habari. Mama yake alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo baba ni mimi, mama ni mimi, na upande wa umama, niseme ukweli, nilikuwa nabahatisha.

Sasa, shuleni kwa Bosi ukatangazwa Mwezi wa Lishe Bora. Jumatatu ya kwanza, Mwenyekiti wa kamati ya wazazi aliweka meza langoni, na kila mtoto aliyeingia alifungua mkebe wake wa chakula ukaguliwe. Huyo Mwenyekiti ni mwanamke nadhifu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kila asubuhi alikuwa akituma picha ya mkebe wa binti yake kwenye kundi letu la wazazi kwenye simu: matango yaliyokatwa nyota, karoti zilizochongwa maua, nusu yai lililotiwa macho mawili ya pilipili manga. Wazazi wakimmwagia sifa. Binti mwenyewe alisoma darasa moja na Bosi, na watoto walimwita Pengo, kwa kuwa meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota.

Mkebe wa Bosi siku hiyo ulikuwa na chipsi za jana na biskuti, na pembeni soda. Najua. Nilichelewa kuamka. Mwenyekiti angeweza kuniita kando akanipa vidonge vyangu, nikavimeza kimya kimya. Badala yake aliuinua mkebe juu kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua, akasema:

"Wazazi, tazameni. Hiki ndicho chakula cha mtoto asiye na mama."

Kuna waliocheka. Kuna walioangalia viatu vyao. Bosi aliuachia mkono wangu, akaenda mezani, akachukua mkebe wake, akaufunga, akaingia darasani bila kugeuka. Maneno yote niliyopaswa kusema yalinijia nikiwa nimeshafika ghalani, na siku hiyo nilivunja glasi nne.

Kumsema marehemu wangu, mbele ya mtoto wake! Nikaapa kwamba mama yule atayameza maneno yake, neno kwa neno, mbele ya watu walewale.

Jioni dada yangu, mshonaji anayekaa nyumba ya pili, alinikuta jikoni nakata karoti.

"Hiyo karoti imekukosea nini, kaka?"

Nikamweleza. Akaninyang'anya kisu.

"Unafunga glasi zinasafiri siku tatu kwenye barabara ya mashimo na zinafika nzima. Yai la kuchemsha ndilo likushinde? Kaa hapa."

Alinifundisha wiki nzima. Kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga mwili, mboga, tunda, na maji badala ya soda. Hayo ya lishe nilijifunza kwake, lakini ya kufunga hakuna wa kunifundisha. Viazi vitamu vya kuchemsha nilivipanga chini kwa sababu ni vizito. Maharage niliyatia kikopo chake chenye kifuniko ili mchuzi usitembelee jirani. Mkate wa ngano isiyokobolewa niliusimamisha ubavuni. Chungwa nililimenya nikalizungushia karatasi, na yai nikaliweka katikati, limebanwa na karoti kila upande. Ungeutupa mkebe ule kutoka ghorofani, yai lingefika linacheka.

Halafu nikabandika lakiri.

"Hii ni ya nini?" Bosi akauliza.

"Ni ya kumzuia mtu yeyote kufungua chakula chako langoni. Lakiri utaikata wewe mwenyewe, darasani, kwa ukucha, hivi. Mwingine akiigusa, uniambie."

Alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Kila jioni alirudi na ukanda uliokatika, akaubandika kwenye mlango wa kabati la jikoni, mmoja chini ya mwingine. Langoni Mwenyekiti aliiona lakiri, akabana midomo, akatupisha. Nilifurahi, lakini hiyo ilikuwa rasharasha tu. Nilitaka mvua yenyewe.

Wiki ya pili Bosi akaanza kuagiza. "Baba, ongeza viazi." Nikaongeza. "Baba, mayai yawe mawili." Yakawa mawili. Nikadhani anarefuka. Ila mwili wake ulikuwa uleule, na jioni alirudi na njaa ileile.

Siku moja mkebe ulirudi na kipande cha mkate kilichobaki. Macho yangu ni ya kutafuta nyufa kwenye glasi, hayapitwi na kitu. Upande mmoja wa mkate ulikuwa na alama ya meno ya Bosi, mstari uliokamilika. Upande wa pili aliuma mtu mwingine, na katikati ya alama yake palibaki kijipande cha mkate kimesimama, pale ambapo meno mawili hayakuwepo.

"Bosi. Nani anakula chakula chako?"

"Kwanza uape hutamwambia mtu."

"Naapa."

"Sema yote."

"Naapa sitamwambia mtu yeyote."

Ndipo akanieleza. Mkebe wa Pengo ulikuwa mdogo kama kiganja, ili upendeze pichani. Pengo aliambiwa asiharibu maua mpaka mwalimu ayaone. Akishakula zile nyota na lile nusu yai, bado tumbo linanguruma, na nyumbani akilalamika anaambiwa hajui kushukuru. Kabla ya Bosi kumkaribisha, alikuwa anachana pembe za daftari lake na kuzitafuna.

"Anatafuna karatasi, Baba. Aliniambia mimi peke yangu. Anaona aibu. Nimemwahidi."

Mtu mwenye moyo mwema angesikitika. Mimi niligeukia sinki ili mtoto asinione natabasamu. Nikasema moyoni: nimekupata, mama.

Dada yangu alinijua kwa kunitazama tu. Sikumwambia neno, lakini kesho yake aliniona nachagua viazi sokoni huku napiga mluzi, akanishika kiwiko.

"Kuna kitu unapika wewe, na si viazi. Sikiliza. Yule mama malizana naye utakavyo, hata mimi nitakushikia koti. Lakini watoto uwaache nje."

"Nani kataja watoto?"

"Uso wako," akasema, akaenda zake.

Mwezi wa Lishe ulifungwa Jumamosi asubuhi. Wazazi tulikaa darasani kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, watoto wakiwa wamesimama kando ya dirisha. Pengo peke yake alikalishwa mbele, kando ya mama yake, na mkebe wake wa nyota na maua ukiwa mezani. Mwenyekiti akaeleza namna ya kuchonga karoti. Akaeleza kwamba chakula cha mtoto ni kioo cha mama yake. Watu wakapiga makofi.

"Kuna mzazi mwingine wa kutuonyesha?"

Nikasimama. Nilikuwa nimefunga mkebe wa siku hiyo vizuri kuliko nilivyowahi kufunga kitu chochote maishani: viazi bado vya moto, maharage, mayai matatu, mkate, chungwa, na lakiri mpya juu yake. Bosi aliponiona nauchukua mkebe, uso wake ulibadilika. Alianza kutikisa kichwa taratibu. Nilimwona. Siwezi kudai sikumwona.

Lakini nilikuwa na hoja yangu. Niliapa kutomwambia mtu, na kweli sikumwambia mtu. Nilikwenda tu mbele nikauweka mkebe mapajani kwa Pengo, nikampisha.

Pengo alitazama mkebe, akatabasamu na pengo lake lote. Hakumtazama mama yake kwanza. Aliingiza ukucha wa kidole gumba chini ya ukanda, akauvuta kutoka kushoto kwenda kulia bila kuuchana ovyo, kama Bosi anavyofanya, kama nilivyomfundisha Bosi. Watu wote waliona kwamba mtoto huyu amefungua mkebe huu mara nyingi. Akachukua kiazi, akauma.

"We mtoto! Weka chini!" Mwenyekiti akafoka.

"Ni chetu cha kila siku, Mama," Pengo akasema, mdomo umejaa.

Nikauchukua ule mkebe wa nyota, nikauinua juu kwa mikono miwili.

"Wazazi, tazameni," nikasema. "Hiki ndicho chakula cha mtoto mwenye mama. Amekula karatasi za daftari mpaka alipolishwa na mtoto asiye na mama."

Ee, jinsi uso wa yule mama ulivyoporomoka! Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wakacheka wengi, walewale wa langoni. Niliusubiri wakati ule kwa siku ishirini na sita, na niliufaidi wote, mpaka tone la mwisho.

Ndipo nikateremsha macho. Pengo alikuwa amekaa na kiazi shavuni. Alikuwa ameacha kutafuna. Hakujua ameze au ateme, na machozi yalikuwa yanashuka juu ya shavu lile lililovimba. Alikuwa anamtafuta Bosi kwa macho. Nami nikamtafuta. Dirishani hakuwepo, alikuwa ameshatoka nje.

Tulirudi nyumbani yeye akiwa hatua kumi mbele yangu. Hakulia wala hakununa. Alianza kunisalimia kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgeni wa baba yake, na kuniagiza akaacha kabisa. Kwa mara ya kwanza aliomba maji kwa kusema "tafadhali".

Jumatatu nilimfungia mkebe, viazi vya watu wawili kama kawaida. Jioni ulirudi na lakiri nzima. Nikaikata mwenyewe. Yai lilikuwa palepale katikati, na karoti zake kila upande. Sijawahi kufunga mzigo ukasafiri vizuri hivyo. Jumanne vilevile, na Jumatano. Dada yangu alikuja, akatazama mlango wa kabati ambao haukuongezewa ukanda, akatazama mkebe wa viazi vilivyopoa, akasema, "Umeshinda, kaka. Sasa kula," akaondoka.

Nikala. Sikutaka chakula kitupwe. Na nikitafuna niliukumbuka uso wa Mwenyekiti ulivyoporomoka, nikajaribu kufurahi tena, na nusu nikafurahi.

Alhamisi mkebe ulirudi umekatwa lakiri. Nikafungua haraka: chakula chote kilikuwemo, hata punje ya maharage haikuguswa. Juu ya yai kulikuwa na ule ukanda, umekunjwa, umeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa za mihuri ya ghalani ambazo Bosi amezisoma likizo zote:

MPOKEAJI HAYUPO. URUDISHWE KWA MFUNGAJI.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, begi bado mgongoni.

"Haji shule," akasema. "Tangu Jumamosi. Kabla sijatoka nje aliniuliza kwa macho kama ni mimi niliyesema. Na sijapata pa kumjibu."

"Na wewe kwa nini huli?"

"Ni cha watu wawili, Baba. Wewe ndiye uliyekifunga."

Nilitaka kumweleza kuhusu mama yake, kuhusu lile neno langoni, kwamba yote nilifanya kwa ajili yao wawili. Alikuwa ananitazama kama mkaguzi wa ghala anavyotazama boksi lenye kitu kinacholia ndani. Nikayaacha.

Nikapasha viazi moto. Nikavipanga upya, vizito chini, yai katikati, nikafunika na kubandika lakiri mpya, na ukanda ukakaa upande. Nyumba ya Mwenyekiti naijua, iko mtaa wa tatu, ina geti la bluu. Nikavaa viatu. Bosi akasogea kunipisha, kisha akanifuata, hatua kumi nyuma.

Njia nzima nilimchukia mama yule. Nilimchukia nilipofika, nilimchukia nilipoinua mkono na kubisha hodi.