Isale la Kumi na Nne

Niliota usiku wa jana kwamba maneno ya jirani yetu Mzee Kilawe yamepelekwa kupimwa. Yeye anadai, na amelisema hilo hata mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kuwa masika ya mwaka juzi yalilainisha udongo, basi masale, ile mimea inayopandwa kuwa alama ya mpaka, yakateremka yenyewe hatua saba kuja kwetu, yakasimama wima pale yalipofika. Anasema alikuwa barazani anakunywa chai, akayaona yakipita. Kwa hiyo kaburi la mama yangu sasa liko kwake, na mwezi huu anataka kupanda maharage juu yake.

Ndiyo maana nilimtafuta mpima ardhi, Bi. Tumpale, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa. Aliahidi kuja leo saa tatu. Kwenye ndoto aliwahi.

Alikuja kwa miguu mitano, miwili yake na mitatu ya mashine. Akaisimamisha mashine katikati ya migomba. Ndani yake mna kiputo cha hewa kinachoonyesha kama imekaa sawa, na kiputo hicho kilikuwa na maneno mengi.

"Bado," kilisema. "Kushoto kidogo. Bado. Hapa hata uji ungemwagika."

Bi. Tumpale alizungusha skrubu moja, akangoja. Akazungusha nyingine, akangoja. Mimi nimeshika jembe tangu nimalize darasa la saba, namjua mtu anayefanya kazi bila pupa, lakini utulivu ule sikuwahi kuuona. Ndege alikuja akajenga kiota begani mwake, akataga, na mama wa watu hakutikisika.

"Haya, sasa," kiputo kikasema, kikalala.

Akatangaza kwamba kwa utaratibu, wote wanaopakana na kihamba, shamba letu la ukoo, waje kushuhudia. Wakaja. Mfongo unaotuletea maji kutoka mlimani ulipanda ukakaa kwenye benchi, ukaweka sahihi, karatasi ikalowa. Ng'ombe wa Mzee Kilawe aliweka kwato. Mzee Kilawe mwenyewe alikuja na koti lake refu na kikombe chake cha chai.

Tuko darasani. Sijui tumeingiaje. Ni darasa langu lile la saba, ubao wenye ufa, na masale yamekaa kwenye madawati mawili mawili, mizizi inaning'inia bila kufika sakafuni. Bi. Tumpale anayaita kwa namba, na kila linaloitika analitia tone la rangi nyekundu kwenye jani.

"Kumi na tatu."

"Nipo."

"Kumi na nne."

Dawati la mwisho lina nafasi moja tupu.

"Ni kumi na tatu tu," anasema Mzee Kilawe. "Tangu enzi za baba yangu."

"Nimekusikia, mzee wangu. Naomba usogee kidogo, umesimama kwenye hesabu yangu."

Anasogea. Kwenye koti lake kuna kitu kinachungulia. Isale linatoka, linajikung'uta samadi, linaenda kukaa dawati la mwisho.

"Ulitembea?" Bi. Tumpale analiuliza, huku akilitia rangi.

"Kwa miguu ipi? Tulibebwa na toroli, wote. Mimi nilikataa kushika mizizi ugenini, nikafichwa zizini."

"Masale ya siku hizi hayana adabu," anasema Mzee Kilawe, anapuliza chai yake.

Nikamvuta mpima pembeni. Nikamwomba aandike tu kwamba ni kwangu, tumalize.

"Mimi sigawi ardhi, mdogo wangu," akasema. "Naiuliza, halafu naandika inavyojibu."

Jibu lile lingeweza kuniponza, lakini ndilo lililonifanya nimwamini.

Tuko kaburini. Bi. Tumpale amevua buti, amepiga magoti.

"Hodi, mama. Samahani kwa usumbufu. Umelala upande gani?"

"Nimelala kwangu," mama anajibu kutoka chini. "Sijasogea hata unyayo. Haika, umekula?"

"Nimekula, mama."

Bi. Tumpale aliandika yote, hata hilo la kula, kwa mwandiko ulionyooka kama kamba iliyovutwa.

Nikaamka jua limeshatoka. Nilipofungua mlango, Mzee Kilawe alikuwa amesimama uani bila kikombe. Alinyoosha mkono, akaniwekea kiganjani jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu huku Uchagani, mtu akikuletea hilo anaomba msamaha, na ukishalipokea humkatalii, hata kama alikuchomea nyumba.

"Haika, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi na marehemu mama yako tuliishi vizuri. Huyo mpima asije. Tuyamalize sisi wenyewe."

Hakusema masale yatarudi yalikokuwa. Nilisubiri aseme.

Jani lilinuka zizi. Nikaligeuza. Karibu na ncha palikuwa na tone la rangi nyekundu, bado bichi, likanishika kwenye kidole gumba.

Kule chini barabarani pikipiki inapanda kilima, na saa tatu haijafika. Mzee Kilawe ameisikia. Hageuki kuitazama, ananitazama mimi mdomoni.