Mkanda wa Kahawa

Sinema ya bure pale maktaba ya Njoro, mjini Moshi, ilianza saa nane mchana kila Jumamosi, na kufikia saa saba na nusu mabenchi yalikuwa yamejaa vijana ambao siku nyingine usingewaona karibu na kitabu hata kwa dawa. Ilikuwa maktaba ya umma ya chumba kimoja, nyuma ya mashine ya kusaga, iliyojengwa na watu wa mtaa kwa kuchangishana. Mwaka ule wa 1996 ilikuwa na vitabu mia nne, televisheni moja, deki moja na mikanda kumi na sita ya video, yote ya mafunzo: kunyonyesha, kuchimba choo, kutunza kahawa. Vijana walikuja hivyohivyo, maana mabanda ya video ya Kiboriloni yalitaka kiingilio, wakawa wanacheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha.

Mkutubi alikuwa Kornelia, mama wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Kibosho, ambaye mamlaka yake yote yaliishia kwenye ufunguo wa kabati la mikanda. Ndiye aliyepanga mabenchi, akafunga mapazia, akawasha deki. Na ndiye aliyeanza kumwona Mzee Melkior.

Mzee Melkior alishuka kwa miguu kutoka Old Moshi, amevaa koti lake la kanisani, akakaa benchi la mbele kabisa. Alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya mkanda wa kahawa. Mwanzoni Kornelia alidhani amepata mkulima mwenye bidii, akafurahi moyoni kwamba maktaba inasaidia mtu. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeshuka mpaka watu wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na mzee mwenyewe alikuwa ameshang'oa nusu ya kihamba, shamba lake la nyumbani. Mtu wa namna hiyo ana haja gani ya kufundishwa kupogoa?

Siku moja alimuuliza, na mzee akamwambia, bila kumtazama. Katikati ya mkanda ule kuna mwanamke anachuma buni. Anageuka, anaona kamera, anacheka, anaziba mdomo kwa kanga, anasema neno, kisha anaondoka. Yule ni Mektrida, mkewe. Watu wa filamu walipita Old Moshi zamani, wakati kahawa bado ni kahawa, wakampiga picha bila hata kumwambia. Mektrida alifariki miaka tisa iliyopita. Picha yake moja tu ya karatasi waliibandika kwenye msalaba siku ya mazishi, ndani ya nailoni, na masika ya kwanza maji yakaingia.

Kornelia alimuuliza Mektrida anasema nini pale, kwa kuwa sauti ya msimuliaji ilifunika maneno yake. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

“Anamwambia yule mtu atoke, anamkanyagia magimbi yake.”

Tangu hapo Kornelia naye akawa anaisubiri dakika ile. Alipima kwa saa yake ya mkononi: ilianza dakika ya kumi na moja, ikadumu sekunde kumi na tisa. Alikuwa haambiwi mambo na watu, yeye, aliambiwa tu “naomba kalamu” na “choo kiko wapi”, na kupewa siri ya namna ile kulimfanya ajione mtu. Akamwahidi mzee kwamba atatafuta mwenye deki mbili amtolee nakala yake mwenyewe, aiweke nyumbani. Mzee alisema nyumbani hakuna umeme. Kornelia akasema basi nakala itakaa hapahapa maktaba, ziwe mbili, na haitapotea kamwe. Alisema kwa midomo yake, kamwe. Kisha, kama ilivyo kawaida yetu sote, akawa anangoja wiki yenye nafasi.

Wiki yenye nafasi haikuja. Alikuja Bwana Fabian. Huyu alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba baada ya Pasaka, mfanyabiashara wa vipuri, mtu mwema ila mwenye haraka. Alisema zama zimebadilika, soko limekuwa huria, na maktaba isiyoonyesha sinema mpya itabaki na popo. Alikuwa na rafiki mwenye mikanda mipya ya karate na ya Kihindi, aliyekubali kuiazima kwa siku moja tu, mchana na usiku, pamoja na deki yake, ili irekodiwe. Mikanda mitupu ilikuwa adimu, kwa hiyo Bwana Fabian akaketi na daftari, akaandika orodha ya mikanda ya mafunzo ya kurekodia juu yake. Tisa. Wa kahawa ulikuwa namba mbili.

Kornelia alijaribu kusema. Alisema mkanda wa kahawa una mtazamaji. Bwana Fabian akauliza watazamaji wangapi, na Kornelia, ambaye hakutaka siri ya mzee izungumzwe kwenye kikao kati ya chai na maandazi, akajibu mmoja. Wajumbe walicheka, si kwa ubaya. Orodha ikapita.

Basi akafanya alichoona ni ujanja. Jioni ile, akiwa peke yake, alitoa mkanda wa kahawa kwenye boksi lake akauficha katika boksi la mkanda wa kuchimba choo, na ule wa choo akautia katika boksi la kahawa. Ingekuwa yote miwili iko kwenye orodha asingefanya hivyo, lakini mkanda wa choo haukuwemo, maana bwana afya wa kata alikuwa akiuomba mara kwa mara. Nani atagusa choo? Alirudi nyumbani mwepesi wa moyo, akala mtori na kulala vizuri.

Siku ya kurekodi iliangukia siku ambayo shangazi yake alizikwa Kibosho, na kazi ikabaki kwa Abdulsalam, fundi redio wa mtaa, kijana wa watu asiye na dhambi yoyote katika habari hii. Asubuhi ile Bwana Fabian alipita akamkuta na mikanda mezani. Akakumbuka kwamba bwana afya amehamishiwa Rombo wiki iliyotangulia, akachukua kalamu na kuongeza choo, namba kumi, kwa ajili ya sinema ya kumi ambayo rafiki yake alikuwa ameitia kama bakshishi. Mikanda ile ilikuwa imevunjwa kale kajiplastiki ka mgongoni kanakoruhusu kurekodi, na Abdulsalam akaziba matundu kwa selotepu, mmoja baada ya mwingine, kwa unadhifu mkubwa. Hakufungulia hata mmoja kutazama una nini. Aliambiwa arekodi, akarekodi.

Jumatatu Kornelia alifungua boksi la choo akaona selotepu. Akautia mkanda kwenye deki, na mtu mwenye suruali nyeupe akaruka juu ya ukuta na kumpiga teke mwenzake kifuani. Akapeleka mbele, mateke. Akapeleka mbele tena. Sinema ya karate ilikuwa ya saa moja na nusu. Mkanda wa kahawa ulikuwa wa dakika ishirini na tano. Aliuangalia mpaka mwisho kabisa, hadi chenga nyeupe za skrini, hadi deki iliposimama yenyewe, na hapakuwa na Mektrida hata unywele. Alikaa chini sakafuni akalia. Kama angeuacha mkanda ule katika boksi lake ungefutwa, alipouhamisha umefutwa. Hakuna alichoweza kufanya, na bado alikuwa amefanya yeye.

Abdulsalam alipoambiwa alishika kichwa. Alisema picha ya juu ikishaingia, ya chini inaondoka, hakuna fundi, si Moshi si Dar. Kornelia aliandika barua Dar es Salaam, kwenye ofisi aliyodhani ina filamu mama, na majibu hayakuja hata baadaye. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilikuwa imebaki siku nne.

Akamwendea mama yake Kibosho, na mama hakufikiri mara mbili. Aliingia kihambani, akakata isale kwenye mpaka, lile jani refu la kijani, akalipiga fundo na kumkabidhi. Kila Mchagga anajua maana yake. Anayekuletea isale amekuja kuomba msamaha, na hata kama amekuulia ndugu, ukishalipokea huna ruhusa ya kumkatalia.

Siku ya Alhamisi Kornelia akapanda Old Moshi. Alimkuta Mzee Melkior anakatia ng'ombe majani ya mgomba, akamwamkia shikamoo, na mzee akaitikia kwa furaha, akadhani nakala imepatikana. Akasema leo maktaba imepanda mlima. Kisha akaona isale. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali, akangoja aambiwe ni nini.

Kornelia alimweleza yote, boksi la kahawa, boksi la choo, msiba wa shangazi, bila kumsukumia mtu mwingine lawama. Maneno yalimwishia upesi kuliko alivyotarajia. Akanyoosha jani kwa mikono miwili. Mzee alilitazama, mkono wake ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, hatimaye akalipokea.

“Ungekuja mikono mitupu,” alisema, “ningekufukuza. Ningepiga kelele majirani wasikie. Sasa umeniletea hili.”

“Nisamehe, babu.”

“Nimekusamehe. Nimepokea, sasa nifanyeje?”

Akaingia ndani, akarudi na kata ya mbege, pombe ya ndizi, akaonja kwanza kama ilivyo desturi, akampa. Walikunywa. Kornelia alikuwa amekuja kutua mzigo, na kweli aliutua, lakini aliona wazi kwamba ameutua juu ya mgongo wa mzee na kumfunga mdomo asiweze hata kuguna. Alishuka mlima akijichukia. Alitamani angetukanwa.

Jumamosi hakumtarajia. Lakini saa saba na nusu Mzee Melkior aliingia na koti lake, akakaa benchi la mbele. Chumba kilifurika, watu wakasimama hadi mlangoni, kwa kuwa habari ya sinema mpya za bure ilikuwa imefika mpaka Kiboriloni, na Bwana Fabian alikuwa amesimama nyuma, uso umemng'aa, akiwahesabu. Kornelia alikuwa na mikanda tisa mingine ya kuchagua. Vijana wakataka ya suruali nyeupe, waliyokwisha kusikia sifa zake, na Bwana Fabian akaitikia kwa kichwa. Akaiweka. Mzee hakusinzia wala hakugeuka. Alitazama mateke yote, kwa saa moja na nusu, shingo mbele, hasa karibu na dakika ile ya kumi na moja, ambapo aliinuka kidogo kwenye benchi kisha akakaa.

Watu walipotoka alibaki. Alimwomba Kornelia amwonyeshe mkanda wenyewe. Akaupokea, akaugeuza, akakunja uso kuchungulia utepe mweusi kwenye kidirisha.

“Umesema wamerekodi juu yake,” alisema.

“Ndiyo, babu.”

“Juu. Basi yeye yuko chini.”

Kornelia akamweleza polepole kwamba si kama rangi ukutani, kwamba utepe ni mmoja, na picha ikiingia nyingine inaondoka moja kwa moja. Akamwambia alivyosema Abdulsalam, si Moshi si Dar. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

“Mikanda inachakaa?” akauliza.

“Inachakaa.”

“Ikionyeshwa sana?”

“Ikionyeshwa sana picha inafifia. Lakini babu, haitarudi ile. Nakwambia kweli, haitarudi.”

Mzee Melkior alimrudishia mkanda. Hakuwa na hasira; hasira alikuwa ameshanyang'anywa.

“Uliniambia pia haitapotea,” alisema.

Neno lolote ambalo Kornelia angesema tangu siku ile lingekuwa limetoka kwa mtu yuleyule aliyeahidi.

Wiki iliyofuata mzee hakungoja mwanzo wa mwezi, alikuja. Bwana Fabian aliuliza hadhira waanze na ipi leo, ya Kihindi au ya nani, na kabla vijana hawajafumbua midomo Mzee Melkior alisimama benchi la mbele, kofia mkononi, akaomba ile ya mateke. Vijana walishangilia. Walimpigia makofi babu wa watu, mmoja akampa mkono, na Bwana Fabian akasema mnaona, hata wazee wamependa. Walipomaliza kuitazama mzee akaomba irudiwe.

“Iweke tena, mwanangu,” alimwambia Kornelia kwa sauti ya chini. “Iweke mara nyingi. Ichakae upesi, mimi nami sina miaka mingi.”

Chumba kizima kilikuwa kinamngoja. Kornelia aliurudisha mkanda nyuma mpaka mwanzo, akabonyeza.